Kipaza sauti kisicho na waya ni kituo cha redio

Katika kilima cha Kinyinya, Wilaya ya Gasabo, si mbali na mtaa wa Batsinda hapa Kigali, kilikuwapo kwa muda wa miaka 50 kituo cha kurushia matangazo ya Deutsche Welle, redio ya Ujerumani. Kilianza kazi mwaka 1965, kikafungwa mwaka 2015. Mitambo yake ya masafa mafupi ilikuwa na nguvu ya kilowati 250 kila mmoja, na kwa nguvu hiyo sauti ilivuka mipaka ya nchi nyingi za Afrika.

Siku hizi mkazi wa Batsinda ahudhuriapo mkutano wa wananchi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, aghalabu hukuta chombo kingine cha kurushia mawimbi, nacho hakimshangazi mtu: kipaza sauti kisicho na waya mkononi mwa msemaji. Nguvu yake kwa kawaida ni kati ya miliwati 10 na 50. Hata hivyo, kwa asili ya kazi yake, ni ndugu wa mitambo ile ya Kinyinya. Nacho ni kituo cha redio.

Tunawaandikia askari na polisi jambo hili kwa sababu vyombo hivi vimekwisha kuingia katika magwaride, mikutano na bendi zetu, na sisi tulio katika kazi ya uhusiano tunaona jinsi vinavyotumiwa kama tochi: mtu hubonyeza, akangoja kiwake. Askari yule yule ambaye hangethubutu kufungua redio ya kikosi bila kupewa masafa, hufungua kipaza sauti bila kuuliza lolote.

Tuanze na wimbi lenyewe. Ukigawa 300 kwa idadi ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 600 wimbi lina sentimita 50, na antena ya robo wimbi ni sentimita 12 na nusu. Wimbi fupi namna hiyo hupenda njia iliyonyoka. Kilima hulizuia, ukuta wa zege hulipunguza, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa yake ni maji, hulimeza. Ndiyo sababu kipokezi kilichowekwa chini ya meza, nyuma ya safu ya wageni, hukatakata sauti ilhali kilifanya kazi vizuri asubuhi uwanja ulipokuwa mtupu. Antena za kipokezi ziinuliwe juu ya vichwa, zimwone msemaji. Vipokezi bora vina antena mbili, ili moja ikikosa wimbi nyingine ilidake. Na msemaji asifumbate kitako cha kipaza sauti, maana mara nyingi antena imo humo.

Sasa tuje kwenye masafa, na hapa ndipo penye uzito. Vipaza sauti vingi hufanya kazi katika masafa ya televisheni, vikitumia nafasi ambazo hazina kituo mahali hapo. Lakini nafasi hizo zimepungua. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 ulipanga kuhama kutoka televisheni ya analogia kwenda ya dijitali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, na Rwanda ikazima yake mwaka 2014. Mikutano ya dunia ya redio ya 2007, 2012 na 2015 ikayatoa masafa ya megahezi 694 hadi 862 yatumiwe na simu za mkononi. Televisheni ikabakiwa na 470 hadi 694.

Marekani nayo ilipiga marufuku vipaza sauti vya megahezi 698 hadi 806 kuanzia Juni 2010. Chombo kilichokatazwa kwao si lazima kitupwe. Chaweza kuuzwa kwa bei ya chini kwingine. Kwa hiyo mnunuzi wa kikosi asome kwanza maandishi ya nyuma. Akiona 700 au 800, bei nafuu isimdanganye: simu zitamvuruga, naye atazivuruga. Katika Rwanda mgawaji wa masafa ni RURA, mamlaka inayodhibiti huduma za umma, na huko ndiko kwa kuuliza.

Kuna pia hila ya hesabu inayowashinda mafundi wengi. Vipaza sauti viwili vikiwa hewani pamoja huweza kuzaa masafa mengine ya bandia. Kimoja kikiwa 520.0 na kingine 520.4, vizalia huangukia 519.6 na 520.8. Basi cha tatu kisiwekwe 520.8, ingawa kipokezi kitaonyesha kwamba hapo ni peupe wakati vile viwili vimezimwa. Viwasheni vyote kwa pamoja kabla ya sherehe, si kimoja kimoja.

Kwa kurekodi muziki wa bendi, rai yetu ni moja: tumieni waya. Vipaza sauti vya analogia hubana sauti kabla ya kuirusha na kuitanua inapopokewa, na mpiga ngoma mwenye sikio zuri husikia mlio wake ukifa vibaya. Mwimbaji atembeaye jukwaani ana haki ya kuachiwa kisicho na waya, lakini mpiga tarumbeta aliyeketi anakitakia nini?

Limebaki la usiri. Sauti ya kipaza sauti cha analogia haina kufuli. Aliye nje ya uzio na kipokezi kilichowekwa kwenye masafa yale yale husikia kila neno, wala hakuna taa itakayomwonyesha. Kuta za ukumbi hupunguza mawimbi, haziyazuii. Vipo vya dijitali vyenye kufumba maneno kwa ufunguo wa siri, lakini ufunguo huo aghalabu hupaswa kuwashwa na fundi, haujiwashi wenyewe. Katika kikao cha ndani cha maofisa, vya analogia vizimwe na betri zitolewe kabla mlango haujafungwa.