Je, Wajua? Kima Punju Hula Makaa!

Ukitoka mjini Unguja asubuhi kuelekea kusini-mashariki, safari ya kama kilomita 35 itakufikisha Jozani, msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani–Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Huko ndiko nyumbani kwa kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar tu, duniani kote.

Je, wajua kwamba:

• Kima punju hana kidole gumba kamili. Vidole vinne virefu hushika tawi kama ndoana anaporuka.

• Tumbo lake lina vyumba kadhaa, humo majani huchachushwa polepole. Ndiyo maana hupenda majani machanga na matunda mabichi, si matunda mabivu yenye sukari nyingi.

• Hula makaa! Majani ya mwembe na mkungu yana lishe nyingi, lakini pia yana kemikali zinazodhuru. Makaa huzinasa tumboni, naye akanufaika na chakula hicho.

• Msituni humo huishi pia paa nunga, swala mdogo mwenye haya na adimu sana. Kumwona ni bahati.

Ukienda, fika mapema kabla ya jua kali, mfuate mwongozaji na utulie. Usiwalishe kima wala kuwagusa. Nawe dereva, punguza mwendo barabarani Jozani: magari yamewaua kima wengi, na tukiwapoteza hapa, hatuna pengine pa kuwatafuta.