Kuanza masomo ya uuguzi ukiwa mtu mzima: mambo ya kupima kabla ya kuuza shamba



Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufunguliwa, sisi wachungaji tunapokea watu wazima wenye swali moja. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka kungoja mshahara. Yule ni mama anayeuza vitenge sokoni. Mwingine ni mwendesha pikipiki ambaye vita ilimkatiza masomo. Wanatuuliza: "Mchungaji, nataka kuwa muuguzi. Je, wakati wangu haujapita?" Kisha wanaomba tuwaombee.

Tunawaombea kwa moyo. Lakini mara nyingi nyuma ya swali hilo kuna shamba linalotaka kuuzwa, au ng'ombe, au akiba yote ya nyumba. Shamba likisha kuuzwa, maombi hayalirudishi. Ndiyo maana tumeona vema kueleza njia hii jinsi ilivyo katika nchi yetu, ili anayeingia aingie macho yake yakiwa wazi, na sisi tunaomshauri tusimshauri gizani.

Umri si kizuizi cha kwanza

Tuanze na lile linalowaogopesha wengi. Florence Nightingale, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, alitamani kuuguza wagonjwa tangu ujana wake, lakini jamaa yake walikataa kwa miaka mingi. Mwaka 1851, akiwa na miaka 31, ndipo alipokwenda kujifunza huko Kaiserswerth, Ujerumani, katika nyumba ya mashemasi wa kike ambayo mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameianzisha mwaka 1836. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Kwa hiyo uuguzi wa kisasa una deni kwa kazi ya mchungaji wa Kiprotestanti na kwa mwanafunzi aliyechelewa.

Albert Schweitzer naye alikuwa mhubiri na mwalimu wa teolojia huko Strasbourg. Mwaka 1905, akiwa na miaka 30, alianza upya kama mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 1913, akiwa na miaka 38, alifika Lambaréné, katika nchi ya Gabon, pamoja na mke wake Helene, ambaye alikuwa amejifunza uuguzi.

Mifano hii inatia moyo, lakini tuisome yote. Nightingale alikuwa binti wa tajiri. Schweitzer alikuwa na kazi, na vitabu vyake na muziki wake vilimsaidia kupata fedha. Tena, walipoanza, hakuna kati yao aliyekuwa na watoto sita wa kulipia shule. Mtu wa miaka 38 katika kanisa letu anao. Basi asiulize tu, "Nina miaka mingapi?" Aulize pia, "Nyumba yangu itasimama juu ya nini kwa miaka mitatu au minne?"

Milango miwili

Katika Kongo kuna milango miwili mikubwa ya kuingia uuguzi.

Wa kwanza ni ITM, yaani shule ya sekondari ya ufundi wa tiba. Mtu anaingia baada ya kumaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi, anasoma miaka minne, na anatoka na diploma ya A2. Mlango huu unamfaa yule ambaye hana Diploma ya Serikali. Lakini ajue kwamba ataketi kwenye benchi moja na watoto wa miaka 15 au 16, pengine na mtoto wake mwenyewe.

Wa pili ni ISTM, yaani chuo cha juu cha ufundi wa tiba. Hapo lazima uwe na Diploma ya Serikali. Masomo ya kwanza ni ya miaka mitatu, na mwenye kuyamaliza watu wanamwita A1. Zamani miaka hiyo mitatu iliitwa graduat. Katika mpango mpya wa LMD inaitwa licence. Mwalimu au karani aliyemaliza sekondari zamani hana sababu ya kurudi ITM, kwa maana Diploma yake ya Serikali haikuoza. Kama ilipotea katika kukimbia vita, kazi ya kwanza ni kuitafutia karatasi ya kuishuhudia. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo ianze mapema.

Hapa tunaomba usikilize sana. Katika miji yetu shule zimeota kama uyoga. Nyingine zina kibao kizuri barabarani, lakini hazina ruhusa ya Serikali. Mtu analipa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, halafu anaambiwa kwamba diploma yake haitambuliwi. Tangu sheria ya mwaka 2016, wauguzi wa nchi yetu wana Baraza lao, lile linaloitwa Ordre, na muuguzi anapaswa kuandikwa humo. Diploma isiyotambuliwa inaweza kumfungia mtu mlango huo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata franka moja, omba kuona karatasi ya agrément ya shule na usome inaruhusu masomo gani. Nenda kuuliza katika ofisi ya Afya ya jimbo kwa ajili ya ITM, au katika ofisi ya Elimu ya Juu kwa ajili ya chuo. Tafuta wanafunzi waliomaliza miaka miwili iliyopita, uwaulize kama wamekwisha kupewa diploma mkononi, na wanafanya kazi wapi. Shule ya kweli haikasirikii maswali haya.

Masomo yenyewe

Mtu mzima anafikiri atashindwa kukumbuka majina ya mifupa. Majina yanaingia kidogo kidogo kwa kurudiarudia. Vizuizi vikubwa ni vingine vitatu.

Cha kwanza ni Kifaransa. Somo, mtihani na taarifa ya mgonjwa, vyote ni kwa Kifaransa. Aliyekaa miaka 15 sokoni au shambani anakuta Kifaransa chake kimepata kutu. Dawa yake ni kuanza miezi sita kabla: kusoma ukurasa mmoja kila siku na kuandika mistari kumi, bila kungoja mwalimu.

Cha pili ni hesabu ya dawa. Tuchukue mfano mmoja. Mtoto ana uzito wa kilo 12, naye anapaswa kupewa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Mara 12, inakuwa miligramu 180. Sirop iliyo mkononi ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Basi mtoto atapewa mililita 7,5. Mama anayebadilisha dola na franka kila asubuhi anafanya hesabu ya namna hii bila kalamu. Tofauti ni kwamba sokoni ukikosea unapoteza faida. Hapa koma ikihama mahali pamoja, mtoto anapewa dawa mara kumi, na ini lake linaweza kuharibika. Kwa hiyo muuguzi mzuri haoni haya kuhesabu mara ya pili, wala kumwomba mwenzake ahakikishe.

Cha tatu ni staji. Mwanafunzi anatumwa hospitalini kujifunza kwa mikono: kupima joto na tansio, kufunga vidonda, kutoa beseni la mgonjwa, kukesha zamu ya usiku. Anayemwongoza anaweza kuwa kijana wa miaka 25, na mwanafunzi ni shemasi wa miaka 42 ambaye kanisani anasalimiwa kwa heshima. Kijana atamwambia, "Rudia, hukuosha mikono vizuri." Ni lazima arudie. Yule ambaye hawezi kukosolewa na mdogo wake asianze masomo haya. Mgonjwa ndiye angelipa kiburi chake.

Lakini mtu mzima haji mikono mitupu. Amekwisha kumuuguza mama yake, amezika, amekaa usiku na mtoto mwenye homa. Anajua kumwambia mzee jambo zito kwa lugha ya nyumbani na kwa maneno yenye adabu. Mgonjwa ambaye hakuelewa Kifaransa cha daktari atamgeukia yeye. Hayo hayaandikwi katika silabusi yoyote, na wagonjwa wetu wanayahitaji.

Hesabu ya nyumba

Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Nasi tunashauri bwana na bibi waketi pamoja na daftari.

Waandike ada ya shule ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza tu. Waandike silabusi, bluzi nyeupe na vifaa, usafiri, fedha za staji, na kazi ya kuandika ya mwisho. Kisha waandike jambo ambalo wengi wanalisahau: fedha ambayo haitaingia nyumbani kwa sababu mama hayuko sokoni au baba hayuko kazini. Mara nyingi mstari huo unapita ada yenyewe.

Waandike pia nani atapika, nani atachota maji, na nani atalala na mtoto mdogo siku ya zamu ya usiku. Tumeona masomo mengi yakikatika kwa ajili ya mambo haya, wala si kwa ajili ya mtihani. Bwana akisema "soma" kwa mdomo, lakini akitaka kila kitu nyumbani kibaki kama zamani, hajakubali bado.

Kama hesabu haitoshi, kungoja mwaka mmoja ukiweka akiba katika kikundi cha AVEC si ukosefu wa imani. Kuuza shamba lote lazima kuwe neno la mwisho. Shamba linalisha watoto wakati unasoma.

Baada ya diploma

Tuseme ukweli hapa pia. Katika Kongo wauguzi wengi wanafanya kazi miaka mingi bila namba ya matrikule na bila mshahara wa Serikali. Wanaishi kwa prime, au kwa sehemu ndogo ya fedha ambazo wagonjwa wanalipa. Yule anayeacha ualimu kwa sababu mshahara hauji anaweza kukuta shida ileile katika bluzi nyeupe.

Kuna hatari pia. Ugonjwa wa Ebola uliopita Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020 uliua zaidi ya watu 2.200, na kati ya walioambukizwa walikuwamo wauguzi. Katika vijiji vingi, muuguzi wa kituo cha afya ndiye wa kwanza kumgusa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana bado. Tena, risasi zikilia, wengine wanakimbia, naye anabaki na mama anayejifungua.

Tunasema hayo ili aliyeitwa kweli ajue anaitwa wapi. Nchi yetu ina zaidi ya kanda za afya 500, na katika sehemu nyingi za mashambani, kituo chote kinasimama juu ya muuguzi mmoja au wawili. Mtu aliyekomaa, ambaye anakubali kukaa kijijini, ni hazina kwa kanda nzima.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, tusiwacheke. Neno "mzee anarudi shuleni" likisemwa kwa kicheko mlangoni mwa kanisa linaweza kuzima taa ya mtu.

Pili, tuwapunguzie mizigo. Mama aliye katika kwaya, katika kamati na katika ziara za wagonjwa aachiliwe kwa miaka hiyo bila kuhesabiwa kuwa amepoa.

Tatu, tusiandike barua ya kumpeleka mtu katika shule ambayo hatukuchunguza karatasi zake. Sahihi ya mchungaji inawafanya watu waamini.

Nne, hospitali na vituo vya makanisa yetu vifungue milango kwa staji, na viwalipe wauguzi wao kwa haki. Msamaria katika Luka 10 alimimina mafuta na divai juu ya vidonda, lakini pia alimlipa mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kumaliza deni lolote litakalobaki. Upendo wake haukuwa sababu ya kumnyima mwingine malipo. Tukihubiri wito wa muuguzi huku tukimwacha miezi sita bila kitu, tunasoma nusu ya mfano.

Kwa ndugu au dada ambaye bado anajiuliza, tuna ombi moja dogo. Kabla ya kwenda kujiandikisha, nenda kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe, umwombe akueleze kazi yake kwa siku moja, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwulize anaanza na nini, anaogopa nini, analipwa namna gani, na kama angechagua tena kazi hii. Rudi nyumbani, ketini na daftari. Kisha njoo kwa mchungaji wako, nasi tutaomba tukijua tunaomba juu ya jambo gani.

Bwana awape hekima, na awalinde wale wote wanaokesha na wagonjwa usiku huu.