Njia, maji na nyuki: vinara sita wa vita vya kikoloni

Hapa Eringeti, kwenye barabara ya Beni na Komanda, hakuna asiyejua kwamba njia ikifungwa, soko hukauka. Majenerali wengi walilijua hilo wakiwa wamekwisha chelewa.

Ushindi mkubwa kuliko wote: Adwa, Machi 1, 1896. Wiki chache kabla, Malkia Taytu wa Ethiopia aliwakatia maji Waitalia waliokuwa ngomeni Mekele hadi wakatoka. Adwa kwenyewe, vikosi vya jenerali wao Baratieri vilipotezana milimani usiku kwa ramani mbovu. Jeshi la Mfalme Menelik II, watu wapatao 100,000, likavipiga kimoja kimoja.

Vita vifupi kuliko vyote: Zanzibar, Agosti 27, 1896. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, alijifungia katika kasri la ufukweni, mbele kabisa ya mizinga ya manowari za Waingereza. Dakika 38 hivi zikatosha.

Mtego mkali kuliko yote: Lugalo, Agosti 17, 1891. Msafara wa Mjerumani Zelewski ulipita kwa mstari mrefu, mizinga ikiwa bado imefungwa mizigoni. Wahehe wa Chifu Mkwawa wakaibuka vichakani na mikuki. Zelewski mwenyewe hakupona.

Fedheha kubwa: Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 kutoka India, lakini walitanguliza onyo, na reli ikamletea kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, watu wake, 1,000 hivi. Nyuki waliochokozwa na risasi wakauma pande zote. Wavamizi walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki na risasi 600,000.

Mwendo mrefu: Saio, Julai 3, 1941. Askari Wakongo wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, walipitia Sudan na Mto Nile hadi milima ya Ethiopia. Jenerali Gazzera wa Italia, mwenye watu wengi kuliko wao, akasalimu amri pamoja na majenerali wenzake 8.

Mzingiro mkali: Dien Bien Phu, Machi 13 hadi Mei 7, 1954. Wafaransa waliamini kwamba mizinga mizito haipandi milima ile. Jenerali Vo Nguyen Giap wa Vietnam aliipandisha kwa kamba na mabega ya watu, akaificha mapangoni, kisha akakipiga kiwanja cha ndege. Bila kiwanja, chakula kiliweza kuingia kwa miavuli tu, na hapakuwa na njia ya kutoa majeruhi.

Kombe tunampa Giap, lakini wanaostahili kulibeba ni wapagazi wake waliosukuma mchele kwa baiskeli. Bila wao mizinga ile ingekuwa chuma tu.