Lori la Kontena Pembeni ya Reli ya Mfano

Wajenzi wengi wa reli za mfano humalizia nguvu zao kwenye injini na mabehewa. Behewa litasuguliwa kwa msasa, litapakwa rangi, litaandikwa namba kwa brashi nyembamba kuliko zote. Kisha pembeni ya reli linaegeshwa lori lililotoka kwenye boksi muda huohuo, linang'aa kuanzia bampa hadi taa za nyuma, na mandhari yote inaharibika. Treni ya mizigo wengi huiona kwa mbali tu. Lori la kontena kila mtu amekaa nyuma yake kwenye foleni, na kasoro yake huiona hata asipoweza kuitaja.

Kasoro kubwa hutokana na kulidhania lori hilo kuwa kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Kichwa ni cha msafirishaji, na dereva hukiosha. Tela limeshavutwa na vichwa vingi, na hakuna anayelitazama ila tairi linapopasuka. Kontena ni la kampuni ya meli au la kukodishwa. Juzi lilikuwa baharini, kesho litakuwa juu ya behewa. Vimekutana kwa safari moja tu, basi umri na uchafu wake haviwezi kufanana. Anayevipulizia vyote vitatu vumbi la rangi moja amepoteza kazi yake.

Ila rangi hutanguliwa na vipimo. Skeli inayotumika zaidi duniani ni H0, yaani 1:87. Waingereza wana 00, ya 1:76, ambayo hutumia reli ileile ya upana wa milimita 16.5, na hapo ndipo wanunuzi hunaswa: reli ni moja, magari ni mbalimbali. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19, yaani milimita 140 katika H0 na 160 katika 00. Ukipanga magari ya skeli hizo mbili sambamba, mtazamaji atajua kuna uongo. Malori ya chuma ya 1:50, yanayopendwa na wakusanyaji, ni mazuri sana, lakini kontena lake hufika karibu milimita 244; hayo mahali pake ni kabatini. Nenda dukani na rula.

Kimo ndicho kinachosahauliwa zaidi. Chukua Ujerumani, nyumbani kwa viwanda kama Herpa na Wiking vinavyotengeneza malori ya H0. Huko lori haliruhusiwi kuzidi kimo cha mita 4. Kontena la kimo kirefu, ambalo ndilo limejaa bandarini siku hizi, lina mita 2.9. Tela limebakiwa na mita 1.1 tu. Ndiyo maana chasisi ya tela la namna hiyo ina shingo: mbele inapanda juu ya sahani ya kuungia kichwa, kisha inashuka, na makontena ya futi 40 huachiwa mfereji chini, upande wa mbele, ili shingo hiyo iingie ndani. Lori la mfano la bei rahisi lina boriti iliyonyooka, na kontena limekalishwa juu yake tu. Pima kutoka mezani hadi paa la kontena. Katika 1:87 upate milimita 46. Ukipata 50, kata na kushusha kabla hujagusa brashi. Hakuna rangi itakayoficha hilo.

Halafu kuna uzito, ambao plastiki haina. Tairi la lori lililobeba hulala kidogo chini, kwa hiyo lisugue kwa msasa sehemu inayogusa barabara, kidogo tu. Kati ya kichwa na tela weka mabomba mawili ya upepo, jekundu na la njano kwa magari ya Ulaya, pamoja na waya wa taa. Waya mwembamba wa shaba uliozungushiwa sindano hutoa umbo hilo vizuri. Lori likisafiri, miguu ya tela iwe juu. Kontena moja la futi 20 lenye mzigo usilibandike mwisho kabisa wa tela refu, kwa sababu hapo uzito hukikimbia kichwa, na dereva yeyote atalishangaa.

Kontena lenyewe huchakaa kwa namna yake. Jua huipausha rangi, mvua huteremsha michirizi ya kutu kutoka kwenye mikwaruzo, pembe na kingo za chini. Tope la barabarani ni la tela. Namba nazo zina sheria: herufi nne, ya mwisho ikiwa U, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ndani ya kisanduku. Hiyo ya mwisho haibuniwi. Hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya herufi na tarakimu zote zilizotangulia, kisha jumla hugawanywa kwa 11 na kinachobaki ndicho kinachoandikwa. Chini yake huandikwa aina: 22G1 kwa kontena la kawaida la futi 20, 45G1 kwa la futi 40 lenye kimo kirefu. Nakili namba kutoka kwenye picha halisi.

Lori la mfano linaweza hata kutembea: Miniatur Wunderland, maonyesho ya reli za mfano ya Hamburg yaliyofunguliwa mwaka 2001, ina malori ya H0 yanayotembea yenyewe. Waya wa chuma hufichwa ndani ya barabara, na sumaku iliyo kwenye usukani huufuata. Kampuni ya Faller ilianza kuuza mfumo wa namna hiyo mwaka 1989.

Mimi ningependa kuona mfano wa bandari kavu ya Isaka, mkoani Shinyanga, ambako makontena hushushwa kutoka kwenye reli ya upana wa mita moja na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Katika 1:87 reli hiyo huwakilishwa na reli ya milimita 12, inayouzwa kwa ajili ya wapenzi wa reli za Uswisi. Malori ya Herpa yatafaa, lakini hamisha usukani uende kulia, badili kichwa cha ekseli mbili kiwe cha tatu, na tela lipewe tairi mbilimbili kila upande.

Kinachokosekana ni picha. Watu huvipiga picha vichwa kwa mbele na kuacha tela. Ukisimama Barabara ya Mandela pale Dar es Salaam, mahali salama, piga picha ubavuni, usawa wa ekseli, na uzihifadhi picha hizo pamoja na tarehe.