Unatafutia Mtoi Sungura Mautuma? Usichezwe, Cheki Mama Yake Kwanza

Mtoi ameona gerbili kwa TikTok, yule kapanya ka mkia wa manyoya, na sasa hakuna amani kwa boma. Rada ni hii: hapa Mautuma hiyo hutapata. Kenye utapata ni sungura, na simbilisi ukiwa na bahati. Na hapo ndio wasee huchezwa.

Siku ya soko, msee anakuja na katoni, ndani kuna vitoto saizi ya ngumi. "Hii ni dume, hii ni jike, pelekea mtoto." Unatoa doo, unapanda boda. Siku ya tatu mmoja anahara. Ya tano ameenda, na ni wewe utaelezea mtoi.

Shida ni umri. Sungura anafaa kukaa na mamake angalau wiki 6, na 8 ndio fiti kabisa. Akitolewa wiki ya 4 tumbo haijakomaa, na hiyo safari inamlemea. Mbona muuzaji ako na haraka? Hesabu tu. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandishwa tena siku ile ile amezaa. Akiondoa watoto mapema, anapandisha mapema. Mama anakonda hadi mbavu zinahesabika, lakini wewe humwoni, ameachwa nyumbani.

Sasa enda huko nyumbani. Mwambie akuonyeshe mama, na uulize dume alitoka wapi. Kama ni ndugu yake, hepa. Damu moja ikirudiwa rudiwa, kasoro zinatokea, kama meno ya juu na ya chini kukosa kukutana. Meno ya sungura hayaachi kukua, kwa hivyo huyo atalala njaa mbele ya nyasi. Inua mdomo ucheki. Angalia ndani ya masikio: magamba ni utitiri. Angalia chini ya mkia: kukiwa kuchafu, wachana naye. Na muuzaji akimning'iniza kwa masikio, wachana na muuzaji pia.

Hiyo story ya "dume na jike" nayo ni noma. Ndugu wawili wakifika miezi 4 hivi wanaanza kuzaana, na kabla mwaka uishe wewe ndiye msee wa katoni. Simbilisi ni mbaya zaidi: jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki 4 tu, ndio maana madume hutengwa wiki ya 3. Pia mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima ale majani mabichi kila siku.

Unakumbuka kware wa 2013? Kila mtu alikuwa anauzia mfugaji mwingine, hakuna mtu aliuliza nani atakula. 2014 bei ikaanguka, wasee wakabaki na ndege na leseni ya KWS. Akikuambia ununue sungura kumi halafu atanunua watoto wote, muulize yeye atauzia nani.

Wa porini usiguse. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na huyo hufa kwa kizimba kwa uoga tu.

Na kama ushabeba wa wiki 4? Muulize muuzaji alikuwa anakula nini, umpe hiyo hiyo. Nyasi kavu na maji safi kila saa, kabichi hapana, na mtoi asimshikeshike hiyo wiki ya kwanza. Akianza kuhara usingoje kesho, pigia daktari wa mifugo.