Makaa ya Magunzi
Msimu ule majani ya maharage yangu yaligeuka njano, yakakauka kuanzia kingoni. Atrazini, dawa ya magugu niliyopulizia mahindi, ilikuwa bado udongoni.

Sasa magunzi siyatupi. Nachimba shimo, pana juu, jembamba chini. Nawasha moto, naongeza magunzi kidogo kidogo ili miali ya juu iizuie hewa isifike chini, kisha nazima kwa maji kabla hayajawa majivu. Makaa hayo ndiyo bayocha. Ikichanganywa na udongo, vitundu vyake vidogo mno hunasa masalia ya dawa, mizizi isiyafyonze, tena hushika maji.

Ila jamani, msiimwage shambani ikiwa mbichi! Itanyang'anya mimea naitrojeni. Yangu huilowesha kwanza kwa mkojo wa ng'ombe na samadi. Na kwa kuwa hunasa hata dawa mpya, magugu nayapalilia kwa jembe.