Jina Chini ya Kutu: Kumtambua Aliyetengeneza Msumeno wa Zamani

Msumeno wa mkono wa zamani hubeba jina la mtengenezaji wake mahali pawili: kwenye bapa la chuma na kwenye mpini wa mbao. Katika bapa, jina lilipigwa kwa muhuri au, hasa kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, likachorwa kwa asidi. Katika mpini liliwekwa kwenye nishani, yaani kile kichwa kipana cha shaba cha mojawapo ya skrubu zinazoushika mpini. Bapa hushikwa na kutu; shaba haishiki. Ndiyo maana nishani husomwa kwanza.

Kwenye misumeno ya Marekani nishani inayoonekana mara nyingi ni ya Disston wa Philadelphia. Henry Disston alizaliwa Tewkesbury, Uingereza, mwaka 1819, akahamia Marekani akiwa kijana na kuanza biashara yake ya misumeno mwaka 1840. Nishani zake zilifuata mambo ya nyumbani kwake. Mwanawe Hamilton alipoingizwa katika ubia mwaka 1865, jina likawa “Disston & Son”, Disston na mwana. Mwaka 1871 likawa “Disston & Sons”, Disston na wana. Kwa hiyo herufi moja, ile “s” ya mwisho, inatosha kuuweka msumeno wenye “Son” ndani ya miaka sita tu. Jina la “Sons” lilidumu miongo mingi, na hapo inabidi kutazama umbo pia. Msumeno wa aina ya D-8, ambao bapa lake huingia ndani ya mpini kwa mkato wa mviringo, ulipata hataza mwaka 1874. Kistari kati ya D na 8 kiliondolewa mwaka 1928, jambo dogo lenye faida kubwa kwa mtu anayetafuta umri.

Si kila maandishi ni jina. “Cast Steel” ni sifa ya chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu, ufundi ambao Benjamin Huntsman aliuanzisha Sheffield katika miaka ya 1740. Viwanda chungu nzima viliutangaza. Hata hivyo, wauzaji wa vitu vya kale bado huyataja maneno hayo kana kwamba ni kampuni. Nishani yenye “Warranted Superior”, yaani bora kwa dhamana, nayo haimtaji mtu: ilitumiwa na viwanda vingi, hasa kwa misumeno iliyouzwa na maduka ya vifaa kwa majina yao wenyewe. Namba ndogo iliyo karibu na mpini huhesabu ncha za meno katika inchi moja, basi.

Nishani ikikosekana, bapa ndilo hubaki na ushahidi. Kosa baya ni kulisugua kwa mashine au brashi ya waya, kwa kuwa mchoro wa asidi ni mwembamba sana. Njia salama ni msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao bapa, pamoja na mafuta kidogo. Mbao hiyo husafisha uso wa chuma bila kuingia ndani ya mchoro, na herufi hujitokeza nyeusi juu ya chuma kinachong’aa.

Skrubu nazo huonyesha umri. Nati bapa zenye mfuo mmoja katikati, zilizolala sawa na mbao, ni za zamani kuliko zenye kichwa cha kuba, ingawa mafundi wa Uingereza walizing’ang’ania baada ya Wamarekani kuziacha.

Hatimaye bapa na mpini vilinganishwe, maana mipini ilivunjika na mafundi wakahamisha ya misumeno mingine. Mpini ukifunguliwa, matundu ya ziada katika chuma, au kivuli cha kutu kisicholingana na umbo la mbao, huonyesha kwamba nishani ile ilitoka kwenye msumeno mwingine.